Mama Mounira Anatoka Majini

Tarehe 31 Agosti Mama Mounira Djamali anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya kulinda ufuko wa Nyangwe, pale Lualaba inapopanuka na vijana wa Kasongo huja siku za mapumziko kupanda mawimbi kwa mbao za mitumbwi mikuukuu.

Asiyeujua ufuko wetu atashangaa kusikia kwamba mto una mawimbi. Aje wakati wa kiangazi, upepo unapovuma kinyume cha mkondo. Maji husimama juu ya fungu la mchanga, yakajikunja, na kijana aliyelala juu ya ubao akapelekwa mpaka nchi kavu. Mimi nakata tikiti za kivuko hapa miaka mingi, na bado huwaacha wateja wakingoja ili nitazame.

Kila alfajiri Mama Mounira aliingia majini kabla ya mtu yeyote, kitenge kimefungwa vizuri, akasimama pale maji yanapofika kifuani, akisikiliza mchanga kwa miguu. Mchanga ukitulia, alipandisha kitambaa cheupe kwenye mlingoti. Ukitembea chini ya nyayo, dalili kwamba mkondo unauchimba, alipandisha chekundu, na hapo hata mkubwa wa mtaa haingii.

Kuna Idi moja ambayo hatuwezi kuiruka. Souleymane, kitinda mimba wake, alikuja kutoka Salamabila na marafiki wa mgodini, kila mmoja na ubao mpya. Mawimbi kama yale sijayaona tena. Na kitambaa kilikuwa chekundu.

"Mama, maji iko muzuri. Unanipatisha haya mbele ya watu," alisema.

"Iko muzuri, lakini muchanga inatembea. Usiingie."

Hakuna aliyeingia. Tulikaa mchana kutwa tukisubiri balaa, na balaa haikuja. Hata gogo halikupita. Wauza mandazi walikula mandazi yao wenyewe, nami nikawasaidia, na watu wakamcheka mama wa watu waziwazi. Souleymane aliondoka bila kuaga, akakaa miaka minne bila kukanyaga Nyangwe. Mama yake aliumia, tulimwona. Alfajiri iliyofuata aliingia majini kama kawaida.

Hilo linanistaajabisha hadi leo. Je, maji yangemeza mtu siku ile? Hakuna ajuaye, hata yeye mwenyewe. Alikubali kuchekwa, akakubali kumkosa mwanawe, kuliko kubahatisha. Kwa miaka yake yote hatujazika mtu kutoka ufuko huu.

Juzi Souleymane alifika kwa ajili ya sherehe hii ya kumuaga mama yake, pamoja na binti zake wawili. Kabla hata ya kushusha mizigo kwenye pikipiki, aliwashika mikono akawaongoza hadi ukingoni. Mawimbi yalikuwa yanapendeza kweli.

"Mama, hawa wanaweza ingia leo?"

"Wangoje kesho."

Akaketi nao mchangani, wakangoja.

Mama Mounira, Mungu akujalie afya na siku nyingi za kupumzika na wajukuu. Tunakushukuru kwa niaba ya wote uliowarudisha nyumbani wamenuna, maana walifika nyumbani.