Mzee Lwitiko Hafuti Mtu Kabla ya Kumsikia

Baada ya miaka thelathini na moja kwenye dawati la udahili la chuo chetu, Mzee Lwitiko Mwambungu anastaafu tarehe 30 Juni. Dada Herieth wa mapokezi ndiye aliyeniomba niandike wasifu huu. Nilimwambia mimi hata kunyoosha mkono darasani naona aibu. Akasema, "Basi andika, si lazima uongee."

Mzee alikuja Sumbawanga kutoka Tukuyu akiwa kijana, chuo kikiwa na kampasi hii moja tu. Wenzake wanakumbuka alivyoususa ugali wa ulezi akaulizia ndizi. Siku hizi akikuta ugali ni wa mahindi, ananuna.

Ilipofunguliwa kampasi ya Mbeya, alipewa kazi ya kuwafuatilia wanaoomba kampasi zote mbili, ili mtu mmoja asishike nafasi mbili na mwingine akakosa. Kompyuta ikionyesha mwombaji amejirudia, ombi moja linafutwa. Mzee aliongeza utaratibu wake: hafuti mpaka ampigie simu na kumsikia mwenyewe.

Mwaka jana nusura nifutwe mimi. Naitwa Justa. Binti wa baba mdogo naye ni Justa, maana sote tulirithishwa jina la bibi. Ukoo mmoja, shule moja, na kwa kuwa kwetu Mpui simu ya uhakika ni ya baba mkubwa Zenon, sote tuliandika namba yake. Mimi niliomba ualimu hapa, mwenzangu kilimo Mbeya. Kompyuta ikaona Justa mmoja mwenye tamaa.

Simu ilipoita tulikuwa uani tunapukuchua mahindi. Baba mkubwa akaweka spika.

"Naongea na Justa? Uchague kampasi moja, nyingine naifuta sasa hivi."

Mwenzangu akadakia, "Shikamoo! Mbeya! Futa Sumbawanga!"

Nilijua hiyo ni nafasi yangu inayoondoka. Mbele ya wakubwa mimi huwa naangalia chini tu. Sijui sauti ilitoka wapi: "Usifute! Na mimi ni Justa!"

Mwenzangu akageuka. "We naye! Kumbe unaweza kupiga kelele?"

Mzee akasema, "Hebu ngojeni. Humo ndani mko wangapi?"

Udahili ulikuwa unafungwa siku ile ile. Alikwenda kwa mkuu wake, akagoma kutoka ofisini mpaka maombi yetu yalipotenganishwa.

Nilipokuja kuanza masomo nilimuuliza Dada Herieth kwa nini Mzee anajisumbua hivyo. Alichonieleza, Mzee ameruhusu nikiandike. Zamani alimfuta Yusto, kijana wa Kipili, kando ya ziwa, kwa kosa kama letu, bila kuuliza. Alipogundua alisafiri kwenda kumwomba radhi, akakuta Yusto ameshavuka ziwa kutafuta maisha Kongo. Mama yake alimkaribisha samaki, hakumlaumu hata kidogo. Mzee anasema afadhali angelaumiwa.

Mzee wetu, mara mbili nimefika mlangoni kwako nikushukuru, nikageuka. Leo naandika: asante kwa kupiga simu. Chuo kizima kinakuombea afya njema na mapumziko yenye amani huko Tukuyu. Kuhusu Yusto sina neno la kukupoza. Ila muhula ujao nakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, shule niliyopangiwa ni ya Kipili, na darasani nitaanza na wale walionyamaza.