Bibi Sindano na Nyota ya Tatu

Jumamosi hii, baada ya miaka ishirini na minane ya kushona jezi za klabu yetu, Bibi Sindano anastaafu. Tawi la mashabiki wanafunzi limepewa heshima ya kuandika wasifu wake, nasi tumekubaliana kutoificha sehemu inayotutia aibu.

Chumba chake kiko chini ya jukwaa letu, kati ya stoo ya mipira na mabafu ya wachezaji. Hakina dirisha la kutazamia mechi, lakini matokeo huyajua. Tukifunga bao, miguu yetu hutikisa dari na vifungo humwagika mezani. Wageni wakifunga, vifungo hutulia. Kuna siku bukta ya kipa ilipasuka katikati ya mchezo, naye akaishona palepale nyuma ya goli, mwenyewe akiwa ameivaa. "Tulia, mjukuu wangu," alimwambia. "Nikiteleza, wiki nzima utakula umesimama."

Kazi anayojivunia zaidi ni nyota. Kila kombe tulilotwaa lina nyota yake kifuani, na utaratibu ni wake: nahodha humletea jezi aliyochezea fainali, ikiwa bado haijafuliwa, na nyota ya kwanza hushonwa humo. Tunazo mbili. Majirani zetu wanazo tano, na hawachoki kutuuliza, "Vipi, anga lenu lina mawingu?"

Maneno hayo yalituuma. Msimu uliopita tulifika fainali, na basi la wapinzani wetu, timu ndogo ya mbali, likaharibika njiani. Waliomba mechi isogezwe hadi kesho yake. Viongozi wetu walisita; ni sisi jukwaani tulioimba "Kombe! Kombe!" mpaka wakakataa. Tukapewa kombe bila mpira kuguswa, tukalizungusha mitaani kwa matarumbeta.

Nahodha alipompelekea jezi, Bibi Sindano aliigeuza huku na huku. "Hii haina hata jasho, mwanangu. Nishone nini?"

Tulimwita msaliti. Tukasema klabu kubwa haimngojei bibi mmoja, na nyota zikabandikwa kwa gundi kwa fundi mwingine.

Mechi ya kwanza ya msimu huu ilikuwa dhidi ya timu ileile, na mvua ikanyesha. Nyota zikaanza kubanduka. Kipa wao aliokota moja kwenye tope, akaifuta kwa glovu, akamkabidhi nahodha wetu kwa mikono miwili. Hakucheka. Afadhali angecheka. Chini yetu vifungo vilitulia.

Viongozi wa tawi letu walikwenda kumwomba Bibi Sindano radhi. Hakuwakaripia, aliuliza tu, "Na wale wa basi, mmewaomba?"

Ndiyo maana Jumamosi kombe linarudi uwanjani na fainali ile itachezwa. Basi letu ndilo litakalowafuata wageni, na wakichelewa, tutawangoja. Nahodha atakayeshinda atampelekea Bibi jezi yake chafu, naye ashone humo nyota yake ya mwisho. Tunatumaini itakuwa yetu. Lakini mezani kwake tumeona uzi wa rangi mbili, yetu na yao, na hatukuthubutu kumuuliza.

Bibi, asante kwa kila mshono, na kwa ule uliokataa kuushona. Tunakuombea mapumziko yenye heri, macho yasiyochoka, na kiti cha mbele katika jukwaa letu, ili hatimaye uuone mpira wenyewe.