Barua Iliyofika Bila Maneno

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenipa mimi, binti yake, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu.

Baba alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi ya mtaa huohuo, kisha sekondari ya kutwa hadi mwaka 1980, ambako, kwa maneno ya shangazi aliyeketi hapa mbele, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila daftari lake ndilo lililoazimwa na darasa zima.

Januari 1982 aliajiriwa kuwa karani wa bohari ya vipuri vya magari, akiendesha teleksi, mashine ya kupeleka maandishi kwa waya, isiyojua rangi wala herufi za mapambo, na kompyuta zilipoletwa, mwaka 1998, aliendelea kuandika barua pepe vilevile, jambo lenyewe mstari wa kwanza, na kompyuta yake akaipanga ionyeshe maneno peke yake, picha zisifunguke. Kijana wa mauzo alipomtania, "Mzee Teleksi, barua zako ziko uchi," alimjibu, "Zako zimevaa suti, mwanangu, lakini hazijasema mzigo unafika lini."

Alimwoa mama, muuza vitambaa, tarehe 17 Agosti 1991, wakajaliwa kaka yangu na mimi, na nilipokwenda chuo aliniandikia kila Jumapili, mistari mitano, nami nikamlalamikia kwamba ananiandikia kama anayeagiza breki, akajibu kwa neno moja: Umekula?

Februari mwaka huu alianza kuishiwa pumzi kwenye ngazi, na tarehe 3 Machi akaambiwa hospitalini kwamba moyo wake unahitaji upasuaji, asubiri barua pepe yenye siku ya kulazwa. Ilikuja tarehe 11. Siku na saa ziliandikwa ndani ya picha, yenye nembo na utepe wa kijani, na kwake ilifika tupu. Akaandika siku ileile, ninayo hapa: "Barua yenu imefika bila maneno. Naomba mniandikie tarehe." Mashine ya hospitali ikamjibu yenyewe, kwa picha nyingine. Akaandika tena tarehe 14, na tarehe 19. Mama alimwambia, "Nenda kawaulize kwa mdomo, mume wangu," naye akasema ameshawaandikia, mtu akiandikiwa hujibu.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 24 Machi. Sisi tuliiona tarehe 2 Aprili, kaka alipofungua barua za baba kwenye simu yake, na hospitali ikatupa siku nyingine, tarehe 30 Aprili. Baba alifariki tarehe 16 Aprili, saa nne kasorobo asubuhi, sebuleni.

Nimeshauriwa niiruke sehemu hii, kwamba msiba si ukumbi wa mdahalo. Ni kweli, si ukumbi wa mdahalo. Nimesoma tarehe tu.

Familia inawashukuru wauguzi, majirani waliombeba kumshusha ghorofa tatu, na wenzake wa bohari. Tunamshukuru pia daktari aliyempima, ambaye amekuja, na ambaye jana alimwambia mama kwamba pale wodini walidhani mgonjwa ameghairi. Mama alimjibu taratibu, "Hakughairi, Daktari. Mfuko wake umefungashwa tangu tarehe nne Machi, uko nyuma ya mlango, mswaki umo."

Baba, hukughairi, na watu wote hawa wamesikia. Pumzika sasa, kwa amani.