Sista Valliammai na Fundo Lisilopitisha Tone

Wengi hukosea kudhani kuwa mrija unaowekwa kwenye jicho lenye presha unapaswa kutoa maji siku ileile. Ukitoa mapema hivyo, jicho hunywea. Aina tunayoitumia hapa hospitalini Madurai, India, haina vali ya kuzuia maji, kwa hiyo mrija hufungwa kwanza kwa uzi unaoyeyuka. Baada ya wiki kama sita, kibamba kilicho mwishoni mwa mrija, kilichoshonwa kando ya jicho, huwa kimezungukwa na ukuta wa nyama ya mwili wenyewe. Hapo uzi huachia, na maji hupata pa kwenda.

Sista Valliammai Chidambaram, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024, ametumikia chumba chetu cha upasuaji miaka thelathini na mitatu. Alianza kwa kuchemsha vyombo, akafikia kuwafundisha madaktari wageni kwamba tundu linalotobolewa jichoni kwa sindano likizidi unene wa mrija, maji yatapita pembeni. Wauguzi humwita dada mkubwa. Wakimwita mama, ujue kuna chombo kimeanguka sakafuni.

Alilolisimamia kuliko yote ni kupima fundo: kusukuma maji ndani ya mrija kwa bomba la sindano kabla haujagusa jicho.

Mwaka 2015 aliletwa Pechiyammal, mfunga vifundo vya sari za kutiwa rangi. Jicho moja lilikwisha kuzimika. Lililobaki lilikuwa na presha ya thelathini na nane, ilhali ya kawaida haizidi ishirini na moja. Daktari Ilango, aliyeufunga mrija, alikuwa na wagonjwa tisa wakimsubiri.

"Sista, lete mrija."

"Limepita tone, Daktari."

"Tone moja tu? Unataka nifunge kwa kamba ya ng'ombe?"

"Uzi huohuo unatosha. Ila funga."

Mgonjwa hakuwa amelala, ganzi ilikuwa ya jicho tu. Akadakia chini ya shuka: "Mwanangu, fungua ufunge upya. Mimi sari moja nafunga vifundo elfu tano. Kimoja kikilegea, rangi inaingia pasipotakiwa."

"Wawili kwa mmoja, siwawezi," daktari akasema, akakata uzi.

Fundo la pili halikupitisha kitu. Pechiyammal aliendelea na dawa za matone hadi uzi ulipoachia, presha ikashuka hadi kumi na nne. Uoni uliopotea haukurudi, maana hakuna upasuaji unaourudisha. Uliobaki anao, na sari bado anafunga.

Sista, ahsante kwa ukaidi wako. Uwe na afya huko kwenu Karaikudi, na usingizi wa mchana usiokatizwa. Sisi tunaobaki: leo, kabla ya kukabidhi mrija wa kwanza, tusukume maji tuone kama fundo limeshika.