Beji Moja Isiyopakwa Vanishi

Ta. Kisha ta-ta. Kisha kimya kifupi, halafu ta tena, mahali pengine. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wafiwa huko Misikhu, nikiwa na kisanduku cha pini mkononi, niliposikia matone ya kwanza yakipiga turubai ya hema. Hakuna mtu mwingine aliyeinua uso. Mhubiri aliendelea, kwaya ikaendelea kusubiri zamu yake, lakini katika hema lile mimi peke yangu nilijua kile ambacho maji yangeweza kufanya.

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnisamehe kwa kutanguliza mvua na kuchelewesha salamu. Kwa miezi minne sikuweza kulifikiria jambo hili kwa kuanzia mahali pengine. Nimeuandika ushuhuda huu badala ya kuusema kwa sababu ninajifahamu: nikipewa maikrofoni nitaeleza kila jambo mara tatu, na kufikia mara ya tatu nitakuwa nimeanza kujitetea. Karatasi itanizuia.

Wengi wenu mnanijua kwa kadi. Hapa Matisi, Kitale, na kule Kibabii ninakosomea shahada ya uzamili, nimekuwa nikitengeneza kadi za harusi, za ubatizo, na lebo za kufunga kwenye zawadi. Ninatumia vitu vinavyotupwa: vipande vya gunia, karatasi za mifuko ya unga, leso kuukuu, kurasa za magazeti. Ninavibandika kwa tabaka, kisha ninaweka stensili juu yake na kupiga wino kwa sponji. Stensili zangu ninazikata kwa wembe kutoka kwenye filamu za eksirei zilizokwisha kazi, kwa kuwa ni ngumu na hazilowi. Baadaye ninapaka vanishi. Vanishi ndiyo inayoshika wino. Bila vanishi, wino unakaa pale kama mgeni ambaye hajavua viatu. Sikuhitaji kufundishwa hilo na mtu yeyote. Nilikuwa nikiwafundisha wengine.

Rafiki yangu Nafula, tuliyekaa naye chumba kimoja kwa miaka miwili, alifiwa na baba yake. Aliniomba nitengeneze beji ambazo jamaa wangevaa kifuani siku ya mazishi. Mzee alikuwa mkulima wa kahawa, kwa hiyo nilikata stensili ya tawi la mkahawa lenye matunda yaliyoiva, nikachagua wino mwekundu wa mhuri, ule unaouzwa katika maduka ya vitabu. Nilitengeneza beji arobaini na nane. Zote nilizipaka vanishi nikiwa bado Kitale.

Lakini asubuhi ya mazishi, nikiwa tayari kwao Nafula huko Misikhu, niliitazama beji ya Mama yao, mjane, nikaona tunda moja limevuka ukingo wake. Kwa unene wa uzi! Hakuna ambaye angeliona. Mimi nililiona, na nikishaona kitu cha namna hiyo siwezi kukiacha. Nikaitengeneza upya jikoni, nikaiharibu, nikaitengeneza tena. Ya tatu ilitoka safi kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Ila vanishi niliiacha nyumbani. Na hata ningekuwa nayo, haingekauka kabla ya ibada.

Jerida, mke wa kakake Nafula, ndiye aliyekuwa akimvika Mama. Alinikuta nikiipuliza ile beji, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

"Shiru, wewe unapuliza beji kama uji ya mtoto! Leta bana, Mama anangoja."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kwanza. Ningesema maneno saba tu: hii haijapakwa vanishi, iangalie isiguswe na maji. Niliyafikiria. Nikafikiria pia kwamba angeniuliza kwa nini moja iwe tofauti na nyingine, na kwamba ningeonekana mtu asiyemaliza kazi yake. Nikampa. Akaenda akamfunga Mama kifuani, juu ya gauni jeupe la akina mama wa kanisa lao.

Mvua ile haikuwa kubwa. Ilikuwa ya kupita. Lakini turubai zilikuwa mbili zimeunganishwa, na maungio yalikuwa juu ya safu ya mbele. Maji yakaanza kudondoka juu ya wafiwa, wakavumilia kama watu wanavyovumilia siku hiyo. Na beji zikalowa, zote. Arobaini na saba hazikutoa hata alama. Ya Mama ikaanza kushuka. Kwanza mstari mmoja, kisha mitatu, kisha gauni jeupe likawa jekundu kutoka moyoni hadi kiunoni.

Alianza mdogo wa marehemu, ambaye wote humwita Baba Wekesa.

"Damu! Angalia kifua ya Mama!"

"Ni nini hiyo?"

"Si zote zimenyeshewa? Mbona hii peke yake?"

"Nani alimfunga hii kitu?"

Na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikajibu kutoka nyuma: "Ni Jerida."

Mama hakupiga kelele. Alijishika kifua kwa viganja viwili, akavitazama, kisha akamtazama Jerida. Jerida alikuwa na mtoto mgongoni. Alikuwa akitikisa kichwa.

Mimi nilikuwa hatua nne kutoka hapo. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile, na bado ni nne. Nilikuwa na kisanduku cha pini. Mdomo wangu ulikuwa mzima. Sikusema kitu. Nilijiambia kwamba si wakati wake, kwamba mhubiri anaendelea, kwamba watu wakishatulia wataelewa wenyewe. Kabla jeneza halijashushwa nilikuwa nimepita kando ya mahindi, nimefika barabarani, ninatafuta gari la kurudi Kitale. Nilimwandikia Nafula kwamba nina kazi ya kuwasilisha kesho yake. Haikuwapo.

Sasa nieleze kosa la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza. Wazazi wangu walitoka mkoa wa kati wakahamia huku Trans-Nzoia kabla sijazaliwa. Kwetu, mazishi yakimalizika hema hushushwa, sufuria huoshwa, mambo yamekwisha. Nafula alikuwa ameniambia, "Usikose siku ya kunyoa. Watu husema yote siku hiyo." Nikadhani ni ukarimu tu. Sikuelewa kwamba siku ya tatu, jamaa wanaponyolewa, ndiyo siku ambayo kila mwenye jambo na ile nyumba husimama na kulitoa hadharani, na kwamba lisilosemwa siku hiyo huhesabiwa kuwa halina mwenyewe. Siku hiyo walimsimamisha Jerida. Walimuuliza alitia uchawi gani katika ile beji. Angejibu nini? Alisema alipewa tu. Walipouliza yuko wapi aliyempa, kiti changu kilikuwa kitupu.

Mama akamfukuza jioni hiyo na mtoto wake, akarudi kwao Chwele. Mumewe hakumfuata.

Haya niliyapata kwa ujumbe wa sauti wa Nafula. Nilikuwa nimeacha kupokea simu zake. Aliongea polepole, amechoka: "Shiru, mimi siamini hii maneno ya damu. Lakini si wewe ndio ulitengeneza hizo vitu? Kama kuna kitu unajua si useme tu? Wewe umesoma, watakusikia."

Niliusikiliza ujumbe huo kila siku. Sikuujibu. Ningemjibu siku ile ya kwanza, ingekuwa aibu ya siku moja. Kila siku iliyopita iliniongezea swali la kwa nini nilinyamaza jana, na swali hilo sikuwa na jibu lake. Nikaanza kutafuta njia nyingine. Nikasema, huenda haukuwa wino wangu. Huenda ni rangi ya utepe. Huenda gauni lilikuwa na sabuni. Nikakata shuka jeupe vipande vipande, nikapiga matunda ya kahawa juu yake, yenye vanishi na yasiyo na vanishi, ya wino mzito na wa kuchanganya, nikadondosha maji na kuandika matokeo katika jedwali. Tasnifu yangu ilikuwa imelala tangu siku ya mazishi. Msimamizi wangu aliniandikia mara tatu, kisha akaacha. Nilikuwa ninapima shuka.

Ndugu zangu, sitawaficha nilikofika. Nilikuja hapa kanisani Jumapili zote hizo. Niliimba. Mlinipa mkono. Nikirudi chumbani nilikaa sakafuni katikati ya vile vitambaa, sili, sinywi, na nilianza kutamani nisiwepo. Sikuwa na hasira na mtu. Nilihisi tu kwamba mimi ndiye doa, na kwamba njia safi ya kuliondoa doa ni kuondoka nalo. Niliomba pia! Niliomba sana. Lakini sikilizeni nilichokuwa nikiomba: Bwana, niondolee aibu hii. Miezi minne, ombi moja, na jina la Jerida halikuwamo ndani yake hata mara moja.

Wiki iliyopita mama yangu alifungua mlango wangu mchana, hakubisha. Alisimama akavitazama vitambaa vilivyotanda kitandani na sakafuni, vyote vina madoa mekundu.

"Hii yote unapima nini?"

Nikamwambia ninatafuta kama ni mimi.

"Na si ulijua siku hiyo hiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Basi umepima vya kutosha," akasema. Akakaa kitandani juu ya vitambaa vyangu, na nikamweleza kila kitu, tangu tunda lililovuka ukingo. Hakunifariji. Aliuliza jambo moja tu: mtoto wa Jerida ana umri gani? Sikujua. Nilijua ni matone mangapi ya maji yanayohitajika kuuyeyusha wino, lakini umri wa yule mtoto sikuujua. Hapo nikalia, na nilipopiga magoti sikuweza kujiombea. Kwa mara ya kwanza nililitaja jina lake mbele za Mungu. Jerida. Jerida wa Chwele na mtoto wake. Nililirudia hadi sauti ikakauka.

Mnisikie vizuri. Sikuona mwanga. Sikusikia amani ikinishukia. Niliinuka nikiwa na hofu ile ile, na ninaiandika karatasi hii nikiwa nayo. Lakini kitu kimoja kilikuwa kimekatika: sikuwa tena ninatafuta namna ya kutoka nikiwa safi. Huo ndio wokovu nilioupata, na ninamshukuru Mungu kwa huo, ingawa ni mdogo na unauma. Asante, Bwana, uliyenikuta sakafuni! Asante hata kwa mlango uliofunguliwa bila kubishwa!

Na wewe unayenisikiliza, uliyelikalia neno ambalo lingemwokoa mwenzako: usingoje hadi uwe jasiri. Mimi sijawa. Usingoje hadi ujue watakujibu nini. Mtumaini Bwana ukiwa bado unatetemeka, kwa maana yule mwenzako naye anangoja, na yeye hana hata la kungojea kwa sababu hajui neno liko wapi. Na wewe ambaye umeanza kutamani usiwepo, mwambie mtu leo. Mtu mmoja. Nitakaa nawe nje ya kanisa hata ikiwa hutaki kuongea.

Jana, Alhamisi, saa nne asubuhi nilichukua simu. Ingekuwa rahisi kumpigia Nafula, kwa sababu ananipenda. Nikampigia mama yake.

"Nani huyu?"

"Ni Wanjiru, Mama. Shiru, rafiki ya Nafula."

"Ule wa beji?"

"Eee, Mama. Ule wa beji."

Nikasema. Nilikuwa nimeandika maelezo ya kurasa mbili, nikayaacha mezani. Nikasema haikuwa damu, ulikuwa wino wa mhuri, na beji yake peke yake sikuipaka kitu cha kuzuia maji. Nikasema Jerida hakujua chochote. Nikasema nilikuwa pale pale, nikaona, nikanyamaza, nikatoroka.

Nilisikia kuku, na mtu akipasua kuni mbali. Kisha akaita, simu ikiwa bado sikioni mwake: "Baba Wekesa! Kuja hapa usikie kitu." Akaniambia, "Rudia. Yote."

Nikarudia yote.

"Ati wino?" sauti ya mwanamume ikasema. "Wino gani?"

"Wa mhuri, Baba. Ile ya kupiga stampu."

"Na siku ya kunyoa ulikuwa wapi?"

"Nilijificha, Baba."

Nilisikia hatua zake zikienda, na mlio wa kupasua kuni ukakoma. Mama alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka, na haikuwa ya kunisamehe.

"Mimi nilifukuza mtoto wa watu," akasema. "Na mjukuu yangu."

Nilisema tu, "Mama."

"Jumamosi ufike hapa mapema. Tutaenda Chwele, mimi na wewe. Na usifikirie ni mimi nitakuongelea huko. Utaongea wewe."

Nikasema, "Nitaongea, Mama."