Maneno ya Kumpelekea Mama Kifutu

Kijiwe chetu kipo Isevya, barazani kwa fundi baiskeli Hilari. Tunamwita Spika, kwa sababu hapa haongei mtu mpaka yeye agonge spana kwenye rimu. Kahawa ni ya Rashidi, chungu kama inavyotakiwa, na kashata zake ndizo zinazotugandisha hapa hadi jioni. Kando yangu hukaa Injini, yaani mzee Amon, mstaafu wa reli, ambaye sijawahi kumsikia akisema hajui. Juzi mchana akatujia Masolwa, mrina asali, anachechemea kidogo, ndoo ya asali mkononi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, — akajibu Injini. — Hiyo ndoo ni ya kwetu?

— Hapana, mzee. Ya Mama Mektilda, aliyekuwa mbunge. Leo saa tisa gari linapakia vitu vyake, anahamia kwa mwanawe Dodoma. Nataka nimshukuru kabla hajaondoka. Ila mimi mbele ya mkubwa ulimi unakuwa mzito. Kwetu tungesema wabeja, yaani asante, tukampa asali, yakaisha. Lakini yule kazoea hotuba za Bungeni. Nikasema niwapitie nyie, nyie ndio wenye maneno.

Hapo alitupatia. Kuombwa maneno ni sawa na kutuwekea pilau mbele. Spika akagonga rimu.

— Kikao kimeanza. Masolwa, eleza hoja yako, unamshukuru kwa lipi?

— Kwa mguu huu. Nilikuwa nashuka kwenye mzinga, nikamkanyaga kifutu. Mke wangu, Kabula, akanipakia kwenye bodaboda. Zamani ungeletwa mpaka mjini, unafika umeshakufa. Mimi nilifikia zahanati ya pale pale kijijini. Nesi akafungua friji ya sola, akatoa dawa ya sumu ya nyoka, akanichoma. Ile dawa Mama Mektilda ndiye aliyeipigania. Na msitu wenye mizinga yangu ni yeye aliyeuzuia usikatwe kuni za mabani ya kukaushia tumbaku. Bila yeye nisingekuwa na mguu, wala asali ya kumpelekea.

Niseme ukweli, niliona aibu kidogo. Maana sisi ndio tuliompa mama yule jina la Mama Kifutu. Wabunge wenzake walikuwa wanasimama kuomba lami, yeye akasimama na swali la nyongeza kuhusu nyoka. Ukumbi ulicheka. Tulikuwa tunasikiliza redio ya Spika wetu hapa hapa, na sisi tukacheka mpaka Rashidi akamwaga kahawa.

— Sasa, — akasema Spika, — huwezi kumshukuru mtu bila kujua kwa nini alifanya. Yule alikuwa mwalimu. Kuna mwanafunzi wake aliumwa na nyoka njiani, akampoteza. Mwambie hivi: Mwalimu, darasa lako limekua.

— Darasa lako limekua, — Masolwa akarudia, anajaribu kushika.

— Aah, wapi bwana, — akadakia Rashidi huku anamimina. — Ualimu gani? Yule babu yake alikuwa wa Bayeye, wale wacheza na nyoka. Kamrithi babu. Unadhani serikali ilikubali vile kwa swali moja? Dodoma alikuwa anaingia na mkoba mkubwa, au hamkuuona? Ndani mlikuwa na chatu. Waziri akitaka kukwepa, mama anafungua zipu kidogo tu.

— Mlangoni wanakagua, Rashidi, — nikamwambia.

— Wewe ungeukagua?

Nikachukua kashata nyingine. Masolwa akakuna kichwa.

— Kwa hiyo nimsalimie na chatu?

— Salamu za chatu ni lazima, — akasema Rashidi. — Ukimsahau anakasirika.

Injini akaweka kikombe chini taratibu, kama anavyofanya akitaka kutumaliza wote.

— Nyie mnaongea vitu vya juzi. Hii Tabora ni mji wa misafara. Wapagazi wamepita hapa na pembe za ndovu mabegani, wangapi waliumwa na nyoka wakaachwa porini na mizigo yao? Pembe ziko mle msituni mpaka leo. Na walinzi wake ni nani? Vifutu. Mama alizuia msitu usikatwe ili pembe zisionekane. Ile dawa ni mkataba: nyoka walinde, na sisi tukiumwa tupone. Mwambie hivi, Masolwa: Mheshimiwa, siri tunaijua na tumekusamehe.

— Tumemsamehe nini, mzee?

— Ukishamwambia, utajua huko huko.

Spika akagonga rimu, akaamua maneno yote matatu yaende, na mwisho Masolwa aseme ametumwa na kijiwe chote cha Isevya. Rashidi akataka chatu atajwe kwanza. Injini akasema pembe ni kongwe zaidi, zitangulie. Wakashikana hapo. Masolwa alikuwa anatazama jua, anahamisha ndoo toka mkono huu kwenda ule.

Kulikuwa na mama mmoja pembeni, Mwanajuma, anasubiri baiskeli yake ijazwe upepo. Ni mtu wa Igunga, kaja kumuuguza dada yake. Alikuwa ametusikiliza muda wote.

— Samahani wazee wangu, mimi mgeni. Huyo mama mnamsifu hivi, sasa ilikuwaje akaupoteza ubunge? Nyie kura hamkumpa?

Spika akaokota spana, akaiweka, akaiokota tena. Injini alichungulia kikombe ambacho hakikuwa na kitu. Siku ya kura tulikaa hapa tangu asubuhi tukibishana kama atapita au atashindwa. Rashidi alichemsha birika mara ngapi sijui. Tulipoinuka twende, kituo kilikuwa kimefungwa, na mama yule alianguka kwa kura chache.

— Mimi nilimpa, — akasema Masolwa. Hakusema kwa ubaya. — Mguu ulikuwa umevimba kama gogo. Kabula alinipeleka kwa bodaboda ile ile.

Akainua ndoo yake.

— Basi ile ya kutumwa na kijiwe, niiseme au niiache?

Swali lilikuwa jepesi kabisa, na lilituhusu sisi wenye maneno. Rashidi alizima jiko. Hatimaye Spika akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo:

— Iache. Mwambie umekuja wewe na mguu wako.

Masolwa akaitikia kwa kichwa, akashika njia. Spika akafunga sanduku la vifaa, akamkimbilia, akamsaidia upande mmoja wa ndoo. Injini akaomba mkono nimwinue. Tukawafuata nyuma, na njia nzima nilikuwa namshukuru Mungu kwamba safari hii saa tisa ilikuwa bado.