Mama Fyuzi na Taa za Chumba cha Kufulia

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne, Ijumaa tarehe 28 mwezi huu anastaafu fundi wetu mkuu wa umeme, ambaye hospitali nzima inamwita Mama Fyuzi. Karakana imenituma mimi niandike haya kwa kuwa nimekuwa chini yake miaka kumi na tisa, na nimegombezwa kuliko wote.

Aliingia kama kibarua wa kubadilisha balbu. Akasoma, akafanya mitihani huku analea, akapanda hadi kushika karakana. Jenereta halikuwahi kumgomea. Tuliojaribu kumgomea ni sisi, na alitushinda. Ukiacha koleo lake mahali pasipo pake, siku hiyo umeula wa chuya.

Lakini kazi tutakayomkumbukia zaidi aliifanya mwaka jana, akiwa na miaka hamsini na tisa. Mpiga pasi wetu hodari, dada asiyesikia, aliandikiwa barua ya kuhamishwa kutoka chumba cha kufulia. Utawala ulisema king'ora cha hatari ya mvuke kikilia, yeye hatajua. Dada yule alilia, maana kazi hiyo anaipenda na mashuka yake hayana mfano. Mama Fyuzi akaomba wiki mbili.

Akanunua mkanda wa taa za LED, ule ambao kila taa ina namba yake na huamriwa peke yake, pamoja na kidhibiti chenye WiFi, kidogo kama kibiriti. Programu hakuwa anajua kuandika hata mstari mmoja. Alijifunza kwenye simu, miwani puani, akimuuliza kila apitaye. Mkanda ukazungushwa ukutani: buluu, nguo tayari; nyekundu, hatari, toka nje.

Siku ya majaribio, wakubwa wote wamesimama, king'ora kikalia na taa zikawaka kijani. Dada akatabasamu, akaendelea kupiga pasi. Jamani, tulitamani ardhi ipasuke. Kumbe mkanda ule husoma namba ya kijani kwanza, ya nyekundu baadaye, naye Mama Fyuzi alizipanga kinyume, ndiyo maana nyekundu ikatoka kijani. Akarekebisha neno moja kwenye programu, akaomba turudie palepale, tena king'ora kikiwa kimezimwa. Dada alikuwa wa kwanza mlangoni, akiwavuta wenzake wanaosikia. Barua ikafutwa.

Tukadhani yamekwisha. Mama Fyuzi mwenyewe alikuwa na hofu: akiondoka, nani ataziangalia? Taa zikifa, barua itarudi. Karakana tulijitolea, akatukataa. Akaanza kumfundisha dada mwenyewe kila saa ya mapumziko, kukata mkanda, kulehemu nyaya, kupakia programu. Funguo za stoo akakataa kunikabidhi, mimi ninayemrithi karakana, mpaka moyo wake utakapotulia.

Jumatatu iliyopita, mashine zikiwa zimezimwa, alichomoa waya mmoja makusudi, akakaa na kukunja mikono. Mimi nilimwona, nikakatazwa kufungua mdomo. Dada akakuta taa zimekufa. Akazima umeme, akafuata waya mmoja baada ya mwingine, akaupata kwa dakika kumi na moja. Taa zilipowaka aliandika kwenye simu yake, akamwonyesha: "Mama, nimeweza. Sasa nenda ukapumzike."

Mama Fyuzi alilia bila kujificha, kisha akanipa funguo.

Asante, Mama, kwa kutugombeza na kwa kutupenda. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kulala mpaka jua lichomoze. Usigeuke nyuma, taa zina mwenyewe.